Vidole Viwili vya Maji

Siku yake ya mwisho kazini, Mama Lango aliamka alfajiri akaenda kufanya kosa lile lile alilokuwa akilifanya kwa miaka ishirini na miwili. Alifuata ukingo wa mfereji mkuu, akakunja gauni, akaingia majini hadi magotini pale penye lango la saba. Akatazama kushoto, akatazama kulia, kisha akachomoa kwapani kipande cha mti mgumu kilichochongwa kama ulimi. Ilikuwa kabari. Aliinama akaisokomeza chini kabisa kwenye mfuo wa chuma linamotelezea lango, upande wa kulia, mahali ambapo jicho la mtu halifiki.

Lango lilikuwa limeinuliwa wakati huo, maji yanapita. Likija kushushwa, litakaa juu ya ile kabari, na chini yake utabaki mwanya wa vidole viwili. Watu wote watadhani limefungwa. Lakini maji ya vidole viwili yataendelea kwenda zake kimya kimya, bila kuaga.

"Leo tu," alijiambia. "Leo, halafu basi." Maneno hayo nayo alikuwa akiyasema kwa miaka ishirini na miwili.

Sasa wewe usimwite mwizi mapema hivyo. Ngoja kwanza nikueleze.

Mama Lango si jina alilopewa na mama yake, ni jina alilopewa na kazi. Baba yake ndiye aliyekuwa mgawa maji enzi za mfereji wa udongo, wakati maji yalipozuiwa kwa matope na magogo ya migomba, na mwenye kelele nyingi ndiye aliyelima. Akiwa msichana alimfuata baba yake na karai la matope kichwani, akajifunza kusikia maji yanapochepuka kabla hayajaonekana. Kisha ikaja saruji. Walikuja wataalamu wenye vyombo vya kupimia vya miguu mitatu, mfereji ukanyooshwa, yakawekwa malango saba ya chuma, kila moja na usukani wake wa kuzungusha. Baba alipofariki, kamati ikamwachia binti funguo. Wanaume wawili watatu walinuna, wakachoka kununa, wakazoea.

Baada ya saruji mambo yalikuja yakifuatana. Ikaja mbegu ya muda mfupi, ikaja mbolea ya mifuko, yakaja matrekta ya mkono yenye pembe mbili kama ng'ombe asiyekula majani, halafu mashine ya kuvuna. Kila kitu kilipokuja, kuna mtu alisema, "Hiki ndicho kitatumaliza," na wiki ya pili mtu huyo huyo ndiye wa kwanza kwenye foleni ya kukiazima. Mama Lango mwenyewe alilitukana trekta la mkono wiki nzima. Ya pili akaonekana amelishika pembe, kilemba kimekaa upande, anacheka peke yake shambani.

Lakini ni wakati wa saruji ndipo lilipotokea lile lililomla moyo.

Mashamba yaligawanywa upya, kwa kura, namba zimeandikwa kwenye vikaratasi na kutiwa ndani ya kofia ya mwenyekiti. Kaya themanini na sita, namba themanini na sita. Namba za mwanzo zilikuwa karibu na malango, maji yanafika bado yana nguvu. Namba za mwisho zilikuwa mkiani, ng'ambo ya lango la saba, maji yanafika yamechoka au hayafiki kabisa. Mdogo wake alikuwa hospitali, uchungu umemshika, akamtumia salamu: "Dada, nichukulie na yangu." Dada akaingiza mkono kwenye kofia mara mbili. Ya kwanza ya mdogo wangu, alijisemea moyoni, ya pili yangu. Akaenda nyuma ya ofisi kufungua. Kikaratasi cha kwanza: nne. Cha pili: themanini na sita.

Alisimama pale nyuma ya ofisi, vikaratasi viwili mkononi, jasho linamtoka. Alikuwa mjane wa miezi mitano mwenye watoto watatu. Mdogo wake alikuwa na mume mwenye mikono miwili mizima. Sababu zilikuja nyingi na zote zilikuwa na adabu. Akarudi kwa karani akasema, "Nne ni yangu. Hii nyingine ni ya mdogo wangu." Karani akaandika. Nani angeuliza?

Mdogo wake alipotoka hospitali na mtoto mgongoni, akaenda kuliona shamba lake, alikuta nyufa za kuingia unyayo. Alirudi amefura.

"Dada, wewe uko kwenye kamati, malango umeyashika wewe, halafu mimi ndiyo wa kutupwa mkiani?"

"Ilikuwa kura, mdogo wangu. Ningefanyaje?"

"Kura!" alisema mdogo wake, akageuka akaondoka. Tangu siku ile wakawa watu wa kusalimiana msibani. Wakikutana njiani, mmoja anatazama ndege angani, mwingine anatafuta kitu ambacho hakudondosha.

Basi msimu ule ule wa kwanza Mama Lango akachonga kabari. Maji ya vidole viwili ni machache, hayawezi kupanda vizingiti vya majirani, kwa hiyo yaliteleza chini chini kwenye mfereji wa mkiani, yakapita shamba moja baada ya jingine, yakaenda kutua kwenye shamba la mwisho. Mdogo wake aliona udongo wake una unyevu hata malango yakiwa yamefungwa. Akashangaa, akachunguza, kisha akatangaza kwamba Mungu amemwekea chemchemi chini ya shamba. "Binadamu walininyima, Yeye akanipa," alikuwa akisema, kwa sauti ya kumfikia dada yake. Dada alisikia, akameza, akaendelea na kazi.

Ndipo zikaja mota.

Aliyezileta alikuwa binti mmoja mwembamba, buti kubwa kuliko miguu, simu haimtoki mkononi. Watu walimwita Injinia. Alikuwa na adabu, shikamoo yake haikukosa hata siku moja, na kwa sababu hiyo Mama Lango alishindwa kumchukia ingawa alijaribu. Injinia alieleza kwamba malango yote saba sasa yatafunguliwa na kufungwa kwa simu, kwa zamu na kwa dakika, asiwepo wa kupendelewa wala wa kuonewa. La saba likifunga, la kwanza linafunguka, mzunguko unaanza upya. Usukani wa kila lango ulikatwa kwa msumeno wa umeme ili mtu asije akaiba maji usiku. Mama Lango alisimama akizihesabu cheche. Mkono wa kulia ulimwasha siku nzima.

"Mwanangu," alimuuliza jioni ile, kama mtu anayeuliza habari za hali ya hewa, "hiyo mota inaona?"

"Haioni, mama. Inapokea amri tu."

Mama Lango akashusha pumzi. Kama haioni, itakishusha chuma juu ya kabari kama alivyokishusha yeye, na mambo yatakwenda. Hakuna aliyemwambia kwamba mkono wa mtu ukigusa kabari unajua kusimama, na mota haijui. Wala kwamba chini ya kila lango kimewekwa kitufe kidogo, na lango lisipokibonyeza, mtambo unakataa kuamini kwamba limefunga.

Na kulikuwa na jambo jingine. Mwaka huo kulikuja mashine ya kupandikiza mpunga, na mashine ile haitaki miche ya kung'olewa kwa mkono, inataka miche iliyooteshwa kwenye trei, yenye umri mmoja na kimo kimoja. Zamani kila nyumba ilikuwa na kitalu chake. Maji yakibeba chako, unakwenda kuomba kwa jirani. Sasa miche ya kaya zote themanini na sita ilikuwa imelazwa pamoja, trei kwa trei, kwenye uwanja ulio sawa chini ya ukingo wa mfereji, hatua thelathini kutoka lango la saba. Mbegu yote ilikuwa pale. Nyingine haikuwepo, na hata ingekuwepo, msimu usingeisubiri.

Saa nne, asubuhi ile ya mwisho, watu walikuwa wamejaa kushuhudia mota zikizinduliwa. Mama Lango alikalishwa kiti cha plastiki mstari wa mbele, akapewa cheti cha shukrani chenye fremu, akapigiwa makofi. Mwenyekiti alihutubia hadi jua likamhamisha mara mbili. Kisha Injinia akainua simu juu watu waione, akabonyeza.

Mota ikanguruma. Lango la saba likaanza kushuka lenyewe, taratibu, na watu wakashangilia. Likashuka, likashuka, likagusa. Mota haikunyamaza. Ilisukuma. Upande wa kushoto wa lango ukazama zaidi, upande wa kulia ukabaki juu, chuma kikalia kwenye mfuo mlio wa kutia ganzi meno, halafu pakawa kimya.

"Limefunga?" aliuliza mwenyekiti.

Injinia alitazama simu. "Linasema bado." Akabonyeza tena. Mota ikanguruma, lango likazidi kukaa upogo. Akajaribu kulipandisha. Halikutikisika.

"Basi fungua la kwanza, maji yapungue!"

"Haliwezi kufunguka mpaka hili lifunge, mwenyekiti. Ndivyo mtambo ulivyopangwa."

"Nani kaupanga hivyo?"

Injinia alibonyeza tena na tena. Shingo yake ilikuwa imelowa. Malango sita yamefungwa, la saba limekwama juu ya mwanya wa vidole viwili, na kule kwenye banio, mfereji unapochukulia maji, kilomita nne juu, mto ulikuwa unaendelea kumwaga maji mferejini kama kawaida. Kijana wa pikipiki akatumwa kwenda kufunga banio. Lakini hata akifika na kulifunga, maji yaliyokwisha kuingia mferejini yangeshuka yote hapa. Kila mtu aliyeshika jembe maishani mwake alilijua hilo bila kuambiwa.

Maji yalipanda ukutani. Yakaufikia mstari mweupe wa chokaa unaoonyesha kikomo, yakaupita.

Mama Lango alikuwa bado amekaa. Alijua. Tangu mlio ule wa chuma alijua. Akisema kuna kabari, wataiuliza imefikaje. Akisema ameiweka yeye, watauliza kwa ajili ya nani. Mdogo wake alikuwa hapo, hatua kumi tu, na watu wa kaya themanini na nne nyingine walionyimwa maji kwa zamu siku walizolia na jua. Na nyuma ya kabari kulikuwa na vikaratasi viwili. Labda lango litajinasua, aliwaza. Labda Injinia atajua la kufanya, amesoma huyu. Alikishika cheti kwa mikono miwili, kana kwamba kikianguka ndipo mambo yataharibika.

"Trei! Toeni trei!" mtu alipiga kelele.

Watu wakakimbilia kwenye miche. Maji yalikuwa yamevuka ukingo, kwanza kwa adabu, utepe mwembamba, halafu kwa nguvu. Mstari wa kwanza wa trei ukageuzwa, udongo mweusi ukasombwa, miche ya kijani ikaelea ikizunguka. Mama Lango alimwona mdogo wake kwenye matope hadi magotini, trei kichwani, nyingine kifuani, anapokea, anapokeza, anarudi. Trei alizokuwa anaokoa hazikuwa zake. Zilikuwa na kibandiko chekundu, na Mama Lango alikijua kibandiko kile maana alikibandika mwenyewe: namba nne.

"We dada, umekaa tu!" mdogo wake alimfokea. Kwa miaka ishirini na miwili hakuwa amemwambia neno refu hivyo. "Miche yako inakwenda! Umekufa?"

Mama Lango akanyanyuka. Cheti kikaanguka, kioo kikapasuka.

"Zima umeme," alimwambia Injinia.

"Mama, subiri kidogo, nawapigia wenzangu wa..."

"Zima nimekwambia! Unazidi kulibana. Kuna kabari chini, upande wa kulia."

"Kabari? Umejuaje?"

Watu waliokuwa karibu waligeuka. Mama Lango alihisi macho yao mgongoni.

"Nimeiweka mimi," alisema. "Zima."

Injinia akazima. Mama Lango alikuwa tayari anateremka ukutani na mpini wa jembe alioupora kwa mtu, maji yakamfika kiunoni, yakamfika kifuani, yakamvuta kuelekea kwenye lango kama yanayomdai. Alivuta pumzi akazama. Alitafuta kwa vidole. Mfuo, kutu, kabari ile pale, imebanwa na uzito wote wa chuma. Alipiga. Mpini uliteleza, ukamchuna kiganja. Akaibuka, akakohoa, akasikia mtu akisema, "Mtoeni, atakufa yule," akazama tena. Alipiga mara ya pili, mara ya tatu. Ya nne kabari ikachomoka kama jino, akarudisha mkono, na lango zima likadondoka mbele ya pua yake kwa kishindo alichokisikia mpaka kwenye meno.

Juu, simu ya Injinia ikalia kengele. Mbali kule, lango la kwanza likaanza kuinuka.

Waliokoa trei nyingi. Mistari mitatu ilikwenda na maji, na dakika alizokaa kitini akikumbatia cheti ndizo zilizoibeba mistari miwili kati ya hiyo. Hilo halikusemwa na mtu. Alilijua mwenyewe.

Mwenyekiti alikuwa ameishika ile kabari iliyoopolewa majini, anaigeuzageuza. Ilikuwa laini, imeliwa na maji, si kitu cha jana.

"Mama Lango. Hii ni ya nini?"

Angeweza kusema uongo. Uongo ulikuwapo, mzuri, tayari kabisa: ya kuzuia lango lisigonge saruji. Lakini alikuwa amelowa chapachapa, na alikuwa amechoka na uongo.

"Ya kupitisha maji mkiani. Vidole viwili, kila mlipofunga."

Minong'ono ikapanda. Mdogo wake alikuja akisukuma watu, matope hadi kwenye nyusi.

"Mkiani wapi?"

"Kwako."

"Kwangu kuna chemchemi."

"Hakuna, mdogo wangu. Haijawahi kuwepo."

Mdogo wake alifuta matope machoni. Uso ulimlegea kidogo, na watu wakaona kama anataka kulia au kumkumbatia dada yake. Wangeweza kuishia hapo, na Mama Lango angeondoka siku ile akiwa mtu mwema mwenye makosa madogo. Shetani alimshauri hivyo hivyo. Akamkataa.

"Usinishukuru," alisema haraka, kabla ujasiri haujamponyoka. "Kikaratasi nilichokuchukulia wewe kilikuwa na namba nne. Themanini na sita ilikuwa yangu. Nilibadilisha."

Hapakuwa na kilio wala kofi. Mdogo wake aliinama, akainua trei iliyokuwa miguuni pake, ile ile yenye kibandiko chekundu, akaenda kuipanga na nyingine mahali pakavu. Miche haikuwa na muda wa kungoja ugomvi.

Kamati ilikaa vikao viwili. Wengine walitaka aandikiwe barua, wengine walisema mzee mwenyewe amekwisha kustaafu, barua ya nini. Hawakuwa wamekubaliana bado Mama Lango alipokwenda kwa karani, akaweka mezani hati ya shamba namba nne, akasema liandikwe jina la mdogo wake, na lile la mkiani liandikwe lake. Karani mwingine, kijana, aliuliza sababu. "Kulikuwa na makosa ya uandishi," alisema Mama Lango. Mdogo wake aliipokea hati bila asante. Asante ya nini? Chake kilikuwa kimerudi na miaka ishirini na miwili pungufu.

Injinia naye alikuja kwake na daftari. Aliuliza mkia unahitaji maji kiasi gani hasa, maana vipimo vyake vya kwenye simu vilikuwa havikubaliani na vile vya ardhini. Mama Lango alimtembeza mfereji mzima kwa miguu, akamwonyesha mahali maji yanaponywewa na ardhi, mahali yanapolala, mahali yanapodanganya. Injinia aliandika yote. Zamu ya lango la saba ikaongezwa dakika, kihalali, mbele ya mkutano.

Mashine ikapandikiza miche iliyobaki, mstari kwa mstari, namba nne ikiwa ya nne, themanini na sita ikiwa ya mwisho. Kisha ikafika zamu ya kwanza ya maji.

Mama Lango alikwenda mkiani mapema, akaketi juu ya tuta. Simu yake ikatoa mlio: lango la saba limefunguliwa. Akangoja. Kutoka pale aliyaona maji yakiingia kwa jirani wa kwanza, yakatandaa, yakang'aa, yakakaa. Yakaingia kwa wa pili. Alikuwa ameyagawa maji haya maisha yake yote na hakuwahi kuyangoja hata siku moja. Jua lilipanda. Miche yake ilikuwa imeanza kujikunja ncha. Alinyanyuka, akaketi, akanyanyuka tena.

Simu ikaita. Namba hiyo hakuwa ameihifadhi.

"Yamefika?" iliuliza sauti ya mdogo wake.

Mama Lango alitazama mfereji. "Bado."

"Yako wapi?"

"Kwa jirani wa tatu."

"Ee. Hapo huwa yanakaa sana." Upande ule wa simu maji yaliyofika tangu alfajiri yalisikika yakitiririka shambani, shamba namba nne. "Usiyafuate. Ukiyafuata utaona kama yanarudi nyuma. Kaa chini."

Mama Lango akakaa chini.

"Msimu ule wa kwanza," alisema mdogo wake, "nilikuwa na mtoto wa siku ishirini mgongoni. Niliyangoja hapo ulipokaa. Peke yangu."

"Najua."

"Hujui. Leo ndiyo utajua."

Mama Lango alifuta uso kwa upindo wa kanga. Alingoja simu ikatwe. Haikukatwa. Ilibaki hai sikioni mwake, na ndani yake zikisikika pumzi za mdogo wake na maji ya namba nne.

"Yamefika?" mdogo wake aliuliza tena baada ya muda.

"Bado."

"Haya. Nipo."